Matundu Niliyoyaziba

Mugango,
Musoma.
8 Desemba 2024

Mpendwa Dada Jenipher,

Nimeharibu uyoga wa mama, na leo baada ya misa alipopiga simu kutoka Bunda nimemwambia unaendelea vizuri. Hakuna mtu mwingine anayejua. Nimetanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa, nitajaza karatasi kwa habari za mvua, halafu nitaifunga barua bila kulisema.

Sasa shikamoo, dada. Njombe kunaendeleaje na baridi yake? Shemeji Florian hajambo? Na Clever, ameacha kunyonya kidole? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba ni mzima. Bibi Yuliana macho yamezidi kufifia ila mdomo uko palepale. Mimi nakohoa kidogo, na kikohozi chenyewe nimekitoa humohumo kwenye uyoga.

Ulipokuja mara ya mwisho chumba cha uyoga kilikuwa bado stoo ya baba ya dagaa, ile ya nyuma ya jiko. Mama aliiomba tangu masika. Baba akaitoa kwa sharti moja: mavuno ya kwanza yakishindikana, dagaa wanarudi. Wanawake wa jumuiya walicheka sana. Mmoja akasema, "Mama Nyamburi kachoka kwenda porini, kaleta pori ndani." Mama alifuata maganda ya mbegu za pamba Bunda, tukayapika kwa mvuke kwenye pipa, tukayajaza katika mifuko ya nailoni pamoja na mbegu za uyoga, tukaining'iniza kwa safu. Kisha mama mdogo akajifungua mapacha kwa upasuaji, mama akaitwa Bunda kumuuguza. Ufunguo akaniachia mimi, dada. Mimi ambaye hata dukani nasimama mpaka muuzaji aniulize nataka nini.

Maelekezo yake yalikuwa mepesi. Mchanga wa sakafuni uwe na maji, magunia ya ukutani yawe mabichi, lakini mifuko yenyewe nisiiloweshe. Matundu ya chini na ya juu niyafungue asubuhi na jioni, hewa ya baridi iingie chini na ile ya joto itokee juu. Alisema uyoga unapumua kama sisi.

Nilifanya hivyo mpaka walipokuja wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Unakumbuka tunavyokimbilia kufunga madirisha. Waliingia chumbani, wakaganda kwenye mifuko, nikaogopa watataga. Nikaziba matundu yote kwa matambara. Wadudu walipoondoka upepo ukaanza, nikaona utakausha chumba, nikayaacha yamezibwa. Na kwa kuwa niliogopa ukavu, nikazidisha maji.

Chumba kikawa kama sufuria lenye kifuniko. Bati likawa linatoa jasho, matone yanadondokea mifuko. Uyoga ukaota na miguu mirefu myembamba na vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Baadaye, kwenye safu ya nyuma, nikaona unga wa kijani.

Hapo ndipo nilipokosea kabisa. Ningempigia mama simu siku hiyohiyo. Badala yake nilikaa karibu na Bibi akimenya mihogo, nikauliza kwa kuzunguka, kana kwamba nataka kujifunza kutengeneza udaga, ile mihogo ya kuvundikwa.

"Bibi, mihogo ukiifunika, ukungu ukitoka unafanyaje?"

"Unaufurahia. Mihogo bila ukungu inakuwaga ugali mgumu kama kisigino cha babu yako."

"Hata ukungu wa kijani?"

"Hata huo. Funika vizuri, usichungulie-chungulie, unaipotezea joto. Mwishoni unaukwangua. Kwani leo umeota kuolewa, unauliza mambo ya jikoni?"

Nikacheka naye, nikaenda kuifunika safu ya nyuma kwa magunia. Nimekula ugali wa udaga tangu sijaota meno, dada. Sikuwahi kufikiri kuna ukungu unaolisha na ukungu unaokula. Nilipofunua, safu nzima ilikuwa ya kijani na inanuka, na unga wake ukanipanda puani. Kikohozi kilianzia hapo.

Kilichonifumbua macho ni mfuko ulio karibu na mlango. Mlango ule haufungi sawasawa, pana ufa ambao baba hajawahi kuutengeneza. Mfuko huo ni mweupe safi, na uyoga wake umetanuka kama sikio. Nikaupeleka mkono kwenye ufa, nikasikia hewa. Mifuko mingine yote nilikuwa naikaba kwa mikono yangu.

Juzi baba alisimama nje ya mlango huo.

"We binti, humo mnapika nini? Bati linatoka jasho kuliko mvuvi."

"Ni unyevu, baba. Unatakiwa."

"Unyevu! Dagaa wangu wangeoza humo siku moja." Akagonga mlango kwa kidole. "Haya. Mama yako akirudi tutafungua wote watatu. Pakiwa na kitu, nitakula. Pasipokuwa na kitu, nachukua stoo yangu."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana naogopa zaidi. Baba akisema kwa upole habadilishi.

Jana baba alipokuwa mwaloni Mwigobero nilijifunga khanga puani, nikaitia mifuko iliyooza kwenye magunia polepole ili unga usiruke, nikaizika mbali, nyuma ya migomba. Nimetoa matambara yote. Kwenye matundu nimeshona vipande vya wavu mkuukuu wa dagaa. Una macho madogo, wadudu hawapiti ila hewa inapita. Maji nimeacha mpaka mchanga uanze kukauka. Asubuhi ya leo bati lilikuwa kavu. Lakini safu ya nyuma ni kamba tupu zinaning'inia, na kwenye mfuko mmoja wa katikati nimeona doa la kijani, dogo kama harage. Siwezi kuacha kwenda kulitazama.

Huko Njombe kuna ukungu na mvua kutwa, labda yupo mtu anayelima uyoga. Tafadhali muulize bila kunitaja: doa dogo hivyo, nikate kipande au niutoe mfuko mzima? Jibu kwa barua. Simu ya nyumbani ni ya baba, na meseji husomwa kwa sauti mezani.

Nisalimie sana shemeji, na Baba Mkubwa Burito ukiongea naye. Bibi anasema Clever aletwe aonwe kabla macho hayajazimika. Gati, yule jirani uliyesoma naye, amepata mtoto wa kike na anakuulizia.

Dada, mifuko mama atanisamehe, hilo nalijua. Kinachonikosesha raha ni lile neno nililomwambia kwenye simu. Aliposikia uyoga unaendelea vizuri alishusha pumzi, nikamsikia akimwambia mama mdogo, "Unaona? Mwanangu anaweza." Halafu wakapiga vigelegele, mama mdogo na mshono wake, mpaka akalia kwa maumivu. Ningewezaje kusema baada ya hapo?

Kwa hiyo nakuomba, usimwambie mama, usimdokeze, hata akikuuliza mbona sauti yangu siku hizi ni ndogo. Atarudi kabla ya Noeli. Nitampokea stendi peke yangu na kumwambia njiani, kabla hatujafika kwa baba. Nikishindwa njiani, nitamwambia getini. Asisikie kwa mtu mwingine yeyote kwamba sikuweza.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukutegemea,

Nyamburi