Mzizi Mtamu Kwenye Supu

Jumapili jioni

...na hapo ndipo nilipoharibu, kwa mdomo wangu huu huu. Yule bibi Mchina wa ghorofa ya pili alinieleza vizuri: kipindi hiki cha baridi mwili unataka vya moto, supu ya kondoo, tangawizi, na kipande cha ule mzizi mtamu ambao Wazungu wa hapa wanautia kwenye pipi zao nyeusi. Akasema, "Kimoja tu. Mwenye presha asiguse."

Mi kufika kanisani, nikahubiri kumshinda mchungaji. "Wamama, acheni saladi, pikeni supu!" Nikatia chumvi, kipande kimoja kikawa kiganja kizima. La presha sikulitaja. Watu wanacheka, ningelitaja saa ngapi?

Leo baada ya ibada Mama Sifa kanishika mkono. Uso umevimba, miguu haiingii kwenye viatu. "Dada, supu yako nakunywa asubuhi na jioni, wiki ya pili hii. Kichwa tu ndiyo kinanigonga. Niongeze mzizi?"

Mama Sifa ana presha. Mtaa wetu wote huu wa Husby unajua, mi ndiye niliyeitangaza.

Nikamjibu, "Pumzika, dada." Basi. Niliona aibu mbele ya wale wamama. Toka nifike nyumbani nampigia, hapokei. Ningesema tu pale pale, acha hiyo supu, nenda hospitali...

Baba Neema anaita sebuleni. "Mama Neema! Kuja haraka! Sifa yuko kwenye simu, analia, daktari anauliza mama yake amekunywa nini!"

Naenda. Nitasema kiganja, nitasema na la presha, nitasema ni mi...