Aliyebaki Nyumba ya Zamani

Jumatatu, 3 Februari

Wiki ya tatu shule mpya. Jezi nimepewa — namba sita, inanibana kwapani — ila ruhusa ya kuivaa kwenye mechi bado. Kocha kasema nivute subira, fomu zangu ziko kwa Katibu wa Michezo ya Shule.

Kanuni nimeshaikariri. Ukihama shule, hukanyagi uwanja wa mashindano miezi kumi na miwili. Eti ni kuzuia shule kuibiana wachezaji. Isipokuwa familia nzima iwe imehama makazi. Sasa sisi si tumehama? Kabati, magodoro, sufuria, Baba na meza yake ya kutengenezea redio, Mama, mimi. Kuna familia nzima zaidi ya hapo?

Mashindano ya mpira wa wavu yanaanza Jumamosi ya tarehe moja Machi. Huu ni mwaka wangu wa mwisho shuleni. Kwangu miezi kumi na miwili maana yake ndiyo basi tena.

Wenzangu wameshanibandika jina: Ngongoti. Kwa urefu huu ningeshangaa wasingenibandika. Mpangaji mipira wetu anaitwa Kipaza, sauti yake inasikika mpaka jikoni kwa shule. Leo baada ya mazoezi kagawa machungwa, akala na ya wawili walioumwa. "Asiyekuwepo na lake halipo!" Nikacheka na wengine.

Nyumbani Mama kapanga sahani nne. Tuko watatu. Baba kachukua moja, kairudisha kabatini kimyakimya. Tukala.

Jumamosi, 8 Februari

Mama hayupo tangu asubuhi. Kila Jumamosi ndivyo. Anasema anakwenda kufagia nyumba ya zamani, isije ikaoza kabla haijapata mpangaji. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Baba hakanyagi kule. Yeye ndiye aliyetaka tuhame — mazishi hayajamaliza wiki mbili alikuwa keshaanza kutafuta nyumba. Alisema hawezi kupita mbele ya mlango ule wa chumba kila asubuhi akienda kunawa uso.

Leo alasiri nimesikia mpira. Du. Kimya. Du. Kimya. Hivyo hivyo Kaka alivyokuwa akiupiga ukutani, akinifundisha kupokea. "Magoti, wewe mlingoti, magoti!" Nikatoka nje mbio. Uani hakuna mtu. Kwa jirani wamefunga, wamesafiri.

Sikumwambia Baba. Angesema nimechoka. Lakini nilipoingia ndani nilimkuta bisibisi imesimama mkononi, redio imefunuliwa tumbo, na kichwa kaelekeza ukutani.

Jumatano, 12 Februari

Kocha kaniita ofisini. Jalada langu limezuiwa!

Kipengele cha saba: idadi ya wanafamilia waliobaki katika makazi ya zamani. Kwenye fomu yangu imeandikwa: mmoja.

Nikacheka. Karani kakosea, nikasema, kachanganya fomu yangu na ya mtu mwingine. Kocha hakucheka. Kauliza hakuna shangazi? Hakuna. Hakuna babu aliyekataa kuhama? Hakuna, Kocha! Kasema sawa, lakini Katibu keshamtuma mkaguzi akaone kwa macho yake. Ripoti ikisema nyumba ni tupu, mambo yamekwisha.

Nimerudi moyo mweupe. Nyumba tupu kuliko ile itapatikana wapi?

Ijumaa, 14 Februari

 

Tumekwenda kwa Katibu, mimi na Kocha. Mzee mpole, miwani kaifunga kwa uzi. Kanikaribisha kiti, kafungua jalada, kaligeuza nilione. Mmoja. Si mwandiko wa karani. Ni wa Mama. Ile m yake yenye vilima vitatu, nimeiona tangu utotoni kwenye vikaratasi vya kunituma dukani. 

"Mama yako mwenyewe ndiye aliyejaza, binti yangu."

Halafu kasoma ripoti ya mkaguzi, alikwenda Jumamosi iliyopita jioni. Dirisha moja wazi. Kitanda kimetandikwa. Viatu vya michezo namba arobaini na tatu mlangoni, vimepigwa brashi. Jezi ya kiume kwenye kamba, bado inachuruzika maji. Jirani kaeleza kwamba kila Jumamosi husikika mtu akizungumza ndani. Hitimisho: ndani anaishi mtu, yaelekea ni mwanamume kijana.

 Kwa muda — sitamwambia mtu hili — kwa muda niliamini. Nilifurahi!

Nikasema: ni kaka yangu. Katibu akaanza kuandika. "Kumbe yupo," kasema, si kwa ubaya. Nikasema, alifariki Oktoba. Kalamu ikasimama.

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kocha alikuwa akitazama sakafu. Mwishowe Katibu katoa fomu mpya. Kasema anajua uchungu, naye alishazika. Lakini hawezi kuifuta fomu iliyotiwa saini. Aliyeandika ndiye asahihishe, kwa mkono wake. Baba hawezi kumsainia. Mwisho Jumatatu tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi.

Neno moja tu linatakiwa kwenye kipengele cha saba. Hakuna.

Jumanne, 18 Februari

Fomu bado iko kwenye begi langu. Siku nne! Kila nikiitoa Mama anaimba jikoni, nairudisha.

Kipaza kauliza nina nini, mbona napokea mipira kama nashika kaa la moto. Nimemwambia tumbo.

Sijawahi kuiandika ile siku. Naiandika.

Homa ya Kaka ilikuwa siku ya tatu. Daktari alikuwa ametoa dawa, kasema itashuka. Mimi nilikuwa na nusu fainali. Nilisimama mlangoni kwa Kaka nimevaa kabisa, nasema siendi. Akanirushia soksi. "Nenda kacheze. Nitakusubiri hapa hapa, uniletee matokeo." Mama alikuwepo, kashika beseni. Alisikia.

Tulishinda seti tatu kwa moja. Nilirudi nakimbia njia nzima nikiwa na matokeo mdomoni. Uani watu wamejaa.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nimeongozana na Mama. Hakuuliza kwa nini. Kwenye basi kanishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu nikiwa darasa la pili.

Kufagia hakumchukui robo saa. Kazi kubwa ni chumba kile. Kafungua dirisha, kabadilisha shuka, kakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kumpa habari za wiki. Sauti ya kawaida kabisa! Redio ya mwenye duka imepona. Ukuta wa bafu unavuja. "Na mdogo wako wamempa jezi, inambana kwapani, nimemwambia ailete niiachie mshono, mkaidi."

Nilikuwa nimesimama kizingitini. Sikuweza kuingia. Ukutani bado kuna madoa ya mpira, duara juu ya duara.

Tumeifua jezi yake uani. Haina uchafu wowote, maji yalibaki meupe. Tukaikamua, yeye kashika upande huu, mimi ule. Hapo ndipo nilipomwambia kila kitu. Kasikiliza mpaka mwisho, kaianika, kabana vibanio viwili mabegani.

"Sikukosea," kasema. "Waliuliza nani kabaki."

Nina hasira naye. Nampenda, na nina hasira naye. Ningemwandikia mwenyewe ile saini, naijua. Nilijaribu hata, nyuma ya daftari hili. Imetoka sawasawa. Nimeichana.

Jumapili, 23 Februari

Baba kaiweka fomu mezani baada ya chakula, na kalamu juu yake. Kasema: mke wangu, mtoto tuliyenaye ni huyu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilia.

Mama kajaza yote. Jina. Anwani. Tarehe ya kuhama. Kafika kipengele cha saba, kaishika kalamu mpaka chai ikapoa. Kisha kasema yeye ndiye aliyemzaa, mkono wake hauwezi kumwandika "hakuna".

Kautoa ufunguo kifuani, kauweka mbele yangu.

"Hakusema atanisubiri mimi," kasema. "Alisema atakusubiri wewe. Kamwambie asisubiri. Ukirudi nitaandika."

Mimi siamini mambo hayo! Nilitaka kusema hivyo. Nikachukua ufunguo.

Nimefika saa tisa, sasa ni saa kumi na nusu. Basi la mwisho la kurudi ni saa kumi na mbili. Nimeingia chumbani, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nimekaa chini, mgongo ukutani kwenye madoa ya mpira, naandika daftari likiwa magotini. Jezi nimeianua, imekauka, iko kitandani. Viatu viko mlangoni. Kimya. Hakuna hata du moja.

Nimefungua mdomo mara tatu, nimeufunga. Mara ya nne nimesema, kwa sauti, kama mwendawazimu:

"Seti tatu kwa moja. Tulishinda."

Hilo nimeshamwambia. Lile alilonituma Mama bado.