Vidole Vitatu Upande wa Kusini

Baba,

Darubini imesimama. Nakuandikia asubuhi hii kabla sijaenda shule, maana jana jioni mwezi ulitulia ndani ya kioo, na nikalala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unajua nilichokuwa nimebeba. Siku ile karakanani kwako, mbele ya wanafunzi niliowaleta kutoka Kasoli, ulishika chaki juu ya mchoro wa stendi ya darubini ukasema, "Huu mhimili ulale, mwanangu. Ushikwe ncha zote mbili kama ekseli ya mkokoteni." Na mimi, mwalimu wa fizikia, nikakujibu, "Baba, wewe kata tu kama mchoro unavyoonyesha." Mchoro ulionyesha bomba la mhimili limeinuka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukakata, ukachomea, tena vizuri. Wiki mbili baadaye presha ikakuchukua, nami nikabaki na jibu lile, sijakuomba radhi.

Baada ya matanga nikaijaribu stendi. Nikauweka mwezi katikati, nikazungusha kipini ili darubini iufuate. Ukatoroka mshazari. Nikaurudisha, ukatoroka tena. Ndipo nikakaa chini na daftari. Mhimili unatakiwa uwe sambamba na ule ambao dunia yenyewe inauzungukia, na mwinuko wake unategemea uko umbali gani kutoka ikweta. Mchoro wangu ulikuwa wa watu wa mbali huko kaskazini. Sisi Bariadi tuko digrii tatu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mhimili wetu unalala karibu kabisa, kama ulivyosema. Na wewe uliwahi kuniuliza hizo digrii, Baba, tukinywa uji. Nikakutajia bila hata kukuuliza za nini.

Nikaenda karakanani kukata upya. Nikamweleza Fundi Masanja, mwenzako wa miaka yote, nikalia mpaka akazima mashine. Halafu akacheka! Akatoa nyuma ya mageti vyuma viwili vya kuegemezea mhimili, vimeshakatwa, cha kusini kimezidi cha kaskazini vidole vitatu. Alama za chaki ni zako. Akasema uliacha maagizo: "Atakuja mwenyewe akiona mwezi unamkimbia. Msimseme. Mpeni chai kwanza."

Hukunikasirikia. Baba, hukunikasirikia hata kidogo.

Ulishayaona hayo ukichunga ng'ombe Mwamapalala, nyota za kwetu zinavyochomoza wima na kuzama wima. Ungeniambia tu... Hapana. Nisingesikia.

Jana tulifunga vyuma vyako, na jua lilipozama tu, mama akatoka nje. Tangu msiba alikuwa hasemi zaidi ya salamu. Akainama kwenye darubini, nikamshikisha kipini akizungushe polepole. Kipini kimoja tu, na mwezi ukabaki pale pale. Nilipotaka kumpokea akanipiga mkono: "Niache, bado naangalia."

Mwalimu mmoja wa Lagangabilili ameomba tumtengenezee na yeye. Nitachomea mwenyewe, Masanja akinisimamia. Na nikimwona mtu ameshika chaki anasita, nitanyamaza nimsikilize, hata akiwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Hilo nakuahidi.

Wabheja, Baba, asante. Pumzika, usituwaze. Mama ameamka akiimba jikoni, na ameshaniambia nisichelewe kurudi, jioni anataka kiti chake kiwe nje mapema.

Binti yako,
Kabula