Baba Alivyobembeleza Miezi Yake

Wee, leo baba ameniaibisha kwa daktari, mpaka sasa siamini!

Unajua ile bima yake ya maisha? Watamlipa mapema, ila kwa huruma yao kubwa wanataka barua ya daktari kwamba amebakiza chini ya mwaka wa kuishi. Yaani mgonjwa aahidi hatawachelewesha!

Basi baba, muuza viatu wetu, akaanza kubembeleza. KWA DAKTARI! "Mimi mteja wako wa siku nyingi, niandikie miezi kumi na mmoja tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee, siwezi kuandika kumi na mmoja."

"Haya, weka na nusu juu, tusivunjane moyo."

"Mzee, nimeshaandika. Ni minne."

Baba, asiyekubali bei ya kwanza hata ya kiberiti, akaikunja barua, akasema asante.