Saa Yako Ndefu Iko Gando

Baba,

Mola akulaze pazuri, lakini mimi nawe tuna maneno. Tumekuzika, hitima imesomwa, na mpaka leo nyumba yetu ya Jadida haina raha kwa sababu ya saa. Saa, Baba! Wenzako huacha shamba la mikarafuu. Wewe umetuachia kopo la biskuti limejaa saa za mkono za pembe nne, zote zina maradhi, na wazee wawili barazani wanaozililia kuliko wanavyokulilia wewe.

Bwana Juma wa posta na Maalim Othman wanakuja kila baada ya laasiri. Wanasema wanatupa pole. Pole gani inayoanza na "Lile kopo mmeliweka pakavu?" Mama yumo ndani na eda yake, anasikia kila neno dirishani. Bwana Juma anasema saa ya haki ni ya mraba, pande zote sawa. Maalim anasema mraba ni kigae tu, saa ni ile ya mstatili, iliyopinda kidogo ikalala na mkono. Maneno yaleyale mliyokuwa mkibishana ukiwa hai, ila sasa hakuna wa kuwaamua. Nikiri jambo moja: tangu uondoke siasa imeingia kila baraza hapa Wete, watu hawasalimiani, hawazikani, kwa ajili ya vyama. Hawa wawili kila mmoja ana chama chake, na bado wanakaa mkeka mmoja wakigombania pembe. Lakini chai yao anapika nani? Mimi.

Sikukufahamu hata siku moja. Fundi cherehani mwenye akili zako, unanunua saa ambayo ikivunjika kioo hupati kingine, mtengenezaji akae akukatie kipande cha plastiki na kukisugua kwa tupa, na bado maji yanapenya pembeni. Ya duara hukazwa mfuniko wake na mambo yakaisha. Mama alikuuliza, mishale inazunguka, sasa pembe za nini? Ukamjibu, "Za kupumzishia macho." Mimi uliniambia duara hata sufuria inalo, lakini pembe lazima mtu akae aifikirie, na saa ikikaa sawa na ukingo wa mkono wa kanzu, ujue aliyeikata ni fundi mwenzio. Kisha unanyoosha mkono uione ile saa yako ndefu ya mstatili ikichungulia, umefurahi kama bwana harusi. Nilikuwa nakucheka. Leo nikikumbuka roho inaniuma.

Sasa sikiliza balaa. Siku ile ulipotaka kutawadha adhuhuri kumbe uliivua ile ndefu isiingie maji, ukaitia mfukoni mwa koti, ukaswali, ukajilaza. Hukuamka. Koti likabaki msumarini. Baada ya maziko Ami Saidi akakusanya nguo zako kama ilivyo ada, akampa sadaka Mzee Faki wa Gando, aliyekuosha. Kanzu, kofia, koti. Watu wote wale, Baba, na hakuna hata mmoja aliyetia mkono mfukoni!

Mirathi ilipogawanywa nilisema mimi sitaki kitu ila ile ndefu. Kaka zangu wakaniridhia. Tukafungua kopo, haimo. Tukapindua nyumba nzima. Maalim Othman ndiye aliyekumbuka koti, akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Shehe akaulizwa, akasema mlitoa koti, hamkutoa saa. Saa ni ya huyu binti, aifuate. Ami Saidi akasema yeye hana uso wa kumwendea mtu aliyempa sadaka. Wazee wazima, na ndevu zao, wakanigeukia mimi: "Nenda weye, weye ndo mwenye haki yako."

Ali, mume wangu, akanipakia baiskeli mpaka Gando. Njia nzima napanga maneno makali. Nilimkuta Mzee Faki uwanjani kwake, amevaa koti lako kwenye jua lile, na ndefu iko mkononi mwake. Nilitaka kulia na nilitaka kugomba, nisijue nianze na lipi. Alinifurahia sana. Akauliza hali ya Mama, akawauliza kaka zangu kwa majina yao, akaniambia hakuna swala anayoswali bila kukuombea. Kisha akasema, "Miye naosha maiti tangu ujana, nguo hupewa. Lakini kitu kama hichi hajanipa mtu. Babako kanikumbuka, mwanangu." Macho yamemjaa machozi. Alidhani umeiusia iwe yake, Baba. Alidhani kabla ya kufa ulikaa ukamfikiria yeye.

Laasiri ikaadhiniwa. Akaivua saa, akanipa. "Hebu nishikie, hii yaingia maji." Akaenda zake kutawadha.

Nikabaki nimeishika. Ilikuwa bado na joto la mkono. Tangu udogo wangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: wewe umeinama na kata yako ya maji, mimi nimesimama na saa nimeibana kwa mikono miwili, na ukimaliza unanyoosha mkono umelowa, mimi nakataa mpaka uufute. Ali alikuwa ameshageuza baiskeli, ananitazama. Ilikuwa haki yangu. Shehe mwenyewe kasema. Mzee Faki akarudi, maji yanamchuruzika viwikoni, akanyoosha mkono. Nikamwambia afute kwanza. Akacheka, akafuta kwa koti lako, nikamfunga saa mwenyewe.

Ali akanipakia tena tukarudi Wete. Wazee wako walikuwa barazani wananingoja, shingo zimewatoka. Nikapita moja kwa moja ndani. Mama akanitazama mikono, akashusha pumzi, akaniambia nikaoge, chakula kipo. Kesho nitawaeleza. Najua watakavyokuwa: Maalim atashika kichwa, Bwana Juma atasema laiti ingekuwa mraba isingepotea. Wakasirike wapendavyo. Wewe umejificha pasipofikika, mimi ndiye niliyebaki wa kugombwa.

Nimechoka nawe, Baba, na nakutamani kila siku inayokucha. Pumzika, dua zangu zitakufikia. Nami nakuahidi hivi: ile saa ikiingia maji, nitaifuata Gando mwenyewe niipeleke kwa fundi na kuirudisha. Na hakuna atakayemwambia Mzee Faki kwamba hukumwachia. Tangu leo umemwachia.

Mwanao,
Zuhura