Vidole Viwili Kando ya Karatasi

Nyar Asumbi, mke mwenzangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha. Siku niliyoletwa kwenu kutoka Kehancha sikujua neno la Dholuo, nawe hukutaka kujifunza Kikuria hata cha kusalimia. Ulinitazama juu mpaka chini, ukauliza, "Wewe unajua kushika sindano?" Nilidhani unanitukana. Kumbe ulikuwa unatafuta mtu wa kukusaidia pale barazani kwako, sokoni Migori.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Cherehani iko palepale. Wateja wako bado wananilinganisha na wewe, nami nawaacha waseme, maana wana haki.

Habari kubwa ni ya binti yako Akoth. Jumamosi wageni walikuja kumposa. Wazee waliamua kwamba mimi ndiye nitakayekaa kiti cha mama. Niliogopa, dada. Mtoto alikuwa hajasema ndiyo wala hapana juu ya kiti hicho, nami sikuthubutu kumuuliza kama ananitaka pale. Nikasema angalau nisikae na blauzi ya mtumba.

Basi nikatoa zile karatasi za kaki ulizonikatia ukiwa mgonjwa, vipimo vya blauzi: mgongo, mbele, mikono, kila kipande umekiandika "Nyar Kuria", binti wa Ukuriani, kama ulivyoniita, kwa kalamu nyekundu. Nikatoa na kitenge cha manjano ulichoninunulia Homa Bay tulipotoka kliniki, ukabishana na muuzaji mpaka akacheka mwenyewe. Sikuwahi kujishonea kitu. Miaka yote wewe ulikata, mimi nikashona. Nikalaza karatasi juu ya kitambaa, nikabana pini, nikakata nikifuata ukingo, vizuri kabisa.

Blauzi ikanikaba! Hata mkono sikuweza kuinua. Ndipo nikakumbuka vidole vyako viwili, jinsi ulivyokuwa ukivilaza kando ya karatasi kabla ya kupiga chaki. Nafasi ya mshono hukuiweka kwenye karatasi hata siku moja; uliipima kwa vidole. Niliyaona hayo kila siku na sikuyashika. Kitenge kilikuwa hicho kimoja tu. Nilikaa chini nikalia, na nisikufiche, nikakukasirikia pia. Si ungeniambia?

Akoth alinikuta hapo. Aliingia ndani, akarudi na gauni lako la kijani, lile alilochagua siku ya kugawa nguo zako, akaanza kulikata pindo. Nilipiga kelele aache. Akasema, "Mama mdogo, wewe fumua pande. Tunaongeza hapa kwapani." Tulishona pamoja mchana kutwa, na tukakusengenya kidogo: chai yako yenye sukari kama uji wa wagonjwa, na ulivyokuwa ukiimba kanisani ukiwaacha wenzako nyuma ubeti mzima. Tulicheka mpaka uzi ukakatika.

Jumamosi nikakaa kwenye kile kiti. Mama wa kijana akagusa ukanda wa kijani ubavuni mwangu, akauliza nimeshonewa na fundi gani. Nikajibu haraka, "Mke mwenzangu, Nyar Asumbi."

Akoth alikuwa akigawa soda. Akasimama. "Hapana," akasema mbele ya wote. "Mamangu alikata karatasi tu. Hii ameishona huyu mama yangu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu, lakini wewe nikuambie ukweli: nilitaka tu kulitaja jina lako kama la mtu aliye nyumbani, wageni wageuke kukutafuta, nami niseme subirini, yuko jikoni, anakuja.

Nguo ya harusi ya Akoth nitaikata mwenyewe, nakuahidi. Wakiniuliza nani fundi, nitasema ni mimi.

Pumzika sasa, dada yangu. Mtoto yuko nami.

Nyar Kuria wako