Groenland haiko Bogoro

Jumanne, mangaribi.

Niko nacheka mpaka sasa, tumbo inaniuma. Asubui radio ilisema Amerika inataka Groenland, kusudi Urusi na China zisitangulie. Mama mukwe, mwenye alikuwa anachambua maharagi, akasikia «Bogoro», kijiji yenye tuliacha. Akaweka sinia chini.

«Bogoro yetu? Na shamba yangu ya muhogo?»

Bwana yangu akamuelezea: ile ni kisiwa ya barafu, iko mbali sana, na bakubwa bangali kwa mazungumuzo.

«Barafu? Bachukue!» Naye akacheka.

Miye ile shamba inanihangaisha. Bunduki zimenyamaza, lakini tangu tukimbie, hakuna mwenye amelala kule...

Sasa mama iko nafunga jembe na miti ya muhogo.

«Kesho naenda kupanda, kabla Baamerika nao bakosee jina sawa miye.»